Walimu wa Masomo ya Jamii Nairobi: tuwape watoto karatasi halisi za uraia

MwalimuMakadara (mwanzisha uzi)

Wadau, hasa walimu wa sekondari msingi hapa Nairobi, kuna jambo nataka tulijadili kwa kina.

Mtaala wa umilisi umeuweka uraia miongoni mwa mambo saba ambayo kila mtoto anatakiwa kuyamudu. Vizuri sana. Lakini pita nje ya madarasa yetu kipindi cha Katiba usikie kinachosemwa. Serikali ina mihimili mitatu. Bunge linatunga sheria. Kaunti ziko 47. Mtoto anakariri, anajaza nafasi zilizoachwa wazi, anapata alama zake, kisha anatoka getini na kuruka mtaro uliojaa taka bila kujua ni ofisi gani inayopaswa kuuzibua. Sisi tuliosoma GHC (Jiografia, Historia na Uraia) tulikariri vivyo hivyo, na leo wengi wetu tunampigia mbunge simu kwa ajili ya taa ya barabarani.

Kila warsha ya walimu kilio ni kimoja: hatuna nyenzo. Tunangoja vishikwambi, projekta, vitabu vya rangi. Mimi naamini nyenzo nzuri kuliko zote zimeshachapishwa na serikali yenyewe na ziko wazi kwa kila mtu. Katiba ipo kwa Kiswahili. Jedwali lake la Nne linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti lipo. Makadirio ya bajeti ya kaunti yapo. Fomu za matokeo ya uchaguzi zipo, na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzikata ziingie katika kipindi cha dakika 40: ukurasa mmoja, maswali yanayomlazimu mtoto afikiri, na maelezo mafupi ya mwalimu. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka tuifanye hapa pamoja.

Nianze na somo ambalo nimelifundisha Gredi ya 7. Tunaliita "Nani analipa?" Linahitaji kalamu na karatasi ya manila tu. Wanafunzi wanazunguka shule kwa makundi wakichora ramani yake, na kwa kila kitu wanachokichora lazima waandike ni nani anayekigharamia.

Hapo ndipo wanapoanza kushangaa. Madarasa ya PP1 na PP2 yamo ndani ya ua wetu, lakini mwalimu wao ni mwajiriwa wa kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne limeipa kaunti elimu ya chekechea. Ukipiga hatua chache hadi Gredi ya 1, mwalimu ni wa TSC, tume inayoajiri walimu, na mshahara wake unatoka serikali ya kitaifa. Darasa jipya lina maandishi makubwa ukutani kwamba limejengwa kwa pesa za CDF, yaani hazina ya maendeleo ya eneobunge. Kuna mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, na huyo analipwa kwa michango ya wazazi. Maji, mtaro wa nje, taa iliyo mbele ya geti: kaunti. Askari polisi anayewavusha barabara asubuhi: serikali ya kitaifa.

Halafu inafika zamu ya chakula cha mchana. Tangu 2023 tuna Dishi na County. Mtoto anagusisha bangili yake, zinakatwa shilingi 5, anapewa sahani. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza: kama shule ya msingi ni kazi ya serikali ya kitaifa, mbona kaunti ndiyo inayotulisha? Sikumjibu. Niliwapa nakala ya Jedwali la Nne wasome wenyewe na kubishana. Wengine walisema chakula ni afya, na afya ya kaunti imo humo. Wengine walitaja Kifungu cha 43 cha Katiba, kwamba kila mtu ana haki ya kutokaa njaa. Kipindi kiliisha wakiwa bado wanabishana, na kwa mwalimu wa uraia sijui zawadi iliyo kubwa kuliko hiyo.

Haya, leteni zenu. Na mwenye pingamizi aseme.

---

MamaGredi8

Mwalimu, wazo ni zuri na mimi kama mzazi naliunga mkono. Swali langu ni la mtihani. Watoto wetu wanakaa KJSEA mwisho wa Gredi ya 9 na matokeo ndiyo yanayowapeleka sekondari ya juu. Ukitumia kipindi kizima kuzunguka ua wa shule, mada nyingine zitamalizwa lini? Wazazi wengi tutakuuliza hilo hata kama tunakupenda.

---

MwalimuMakadara

Mama, ni swali la haki. Kipindi kile kiligusa ugatuzi, haki za kijamii na utawala bora kwa mkupuo mmoja, na hizo zote ni mada za mtaala. Ningezifundisha kila moja peke yake ningetumia muda mrefu zaidi. Isitoshe alama za mtoto zinatokana pia na kazi anazofanya shuleni mwaka mzima, na ramani ile ya manila ni kazi ya kutathminiwa kabisa. Iko ukutani, karibu siku ya wazazi uione.

---

KaraniWaKituo

Nimefundisha hesabu miaka mingi na kama walimu wengi nimewahi kufanya kazi ya uchaguzi kituoni. Nyenzo yangu ni Fomu 34A.

Kwa wasioijua: hii ndiyo fomu ya matokeo ya urais inayojazwa pale pale kituoni kura zikishahesabiwa. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka fomu hizo mtandaoni kwa kila Mkenya kuziona. Vituo vilikuwa 46,229 na kwa kawaida kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Sasa fikirieni: vituo vingi vya Nairobi ni madarasa ya shule za umma. Mtoto anaketi kwenye dawati ambalo wiki moja mwezi Agosti lilikuwa meza ya karani. Hakuna kitabu kinachoweza kumsogezea uchaguzi karibu kiasi hicho.

Jinsi ninavyofanya. Sitoi fomu yenye majina ya wagombea. Ninaandaa yangu ya kubuni yenye mpangilio uleule, wagombea wakiwa A, B, C na D. Waliosajiliwa 612. A amepata 214, B 168, C 5, D 3. Kura zilizokataliwa 4. Pale chini kwenye jumla ya kura halali ninaandika 399. Kisha naligawa darasa: kuna msimamizi wa kituo, mawakala wa kila mgombea, na waangalizi. Wakala hatii sahihi mpaka aridhike.

Kikundi cha kwanza kutia sahihi huwa hakijajumlisha. Kikundi kinachokataa ndicho kinachogundua kwamba jumla ni 390. Basi darasa zima linarudi kwenye hesabu, halafu tunatafuta asilimia ya waliojitokeza: 394 kwa 612, yaani kama asilimia 64. Baada ya hapo ndipo ninapowaeleza kwamba tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Upeo ilifuta matokeo ya uchaguzi wa urais, na kwamba namna fomu zilivyojazwa na kutumwa ilikuwa sehemu kubwa ya kesi ile. Wakishakuwa mawakala wenyewe hawahitaji kuelezwa kwa nini sahihi ina uzito.

Tarehe 10 Agosti 2027 tunapiga kura tena. Wakubwa wa sekondari ya juu wengine watakuwa wapiga kura wapya. Tuwafundishe sasa, kabla kampeni hazijapamba moto.

---

TichaWaTena

Karani, hapo kwenye kampeni ndipo penye hofu yangu. Mtumishi wa umma haruhusiwi kujiingiza kwenye siasa za vyama, na mwalimu wa TSC ni mtumishi wa umma. Nikifundisha mambo ya fomu za uchaguzi halafu mtoto akaenda nyumbani kumwambia babake "mwalimu amesema kura zilibadilishwa", kesho naitwa ofisini. Walimu wengi wanakimbilia kukaririsha mihimili mitatu kwa sababu hiyo, wala si kwa uvivu. Mihimili mitatu haijawahi kumletea mtu barua ya kujieleza.

---

KaraniWaKituo

Nakuelewa ndugu yangu, na ndiyo maana majina hayapo. Ninazo kanuni tatu ambazo mwalimu mkuu wangu anazijua na amezikubali. Hatutaji mgombea wala chama kilicho hai. Kila dai lazima liwe na karatasi: kifungu, fomu, ukurasa wa bajeti. Na mwalimu hasemi yeye binafsi anaunga mkono upande gani, hata akiulizwa mara kumi. Zichape kanuni hizo, zibandike ukutani, na mpe mwalimu mkuu nakala ya somo kabla hujalifundisha. Karatasi iliyo mezani kwake mapema ndiyo ulinzi wako.

---

MwalimuMukuru

Jameni, mimi nafundisha shule ya jamii Mukuru, zile tunazoita APBET. Nimesoma uzi huu kwa furaha ila naomba mtukumbuke. Kwetu hakuna TSC wala CDF, na Dishi haijatufikia. Somo la "Nani analipa?" likifika kwetu jibu la karibu kila kitu ni mzazi na mfadhili.

Nililifanya hata hivyo, kwa namna nyingine. Niliwaambia watoto waanzie nje ya geti. Barabara, bomba la maji, choo cha kulipia, taa ndefu ya mulika mwizi, kituo cha afya, chifu, kanjo (askari wa kaunti). Wakaviweka vijikaratasi kwenye mafungu mawili, kaunti na serikali ya kitaifa. Chifu alizua mjadala mkali, kwa sababu yuko mtaani nao kila siku na waliamini ni mtu wa kaunti. Kanjo na polisi nao waliwekwa fungu moja mpaka tulipofungua Jedwali la Nne. Jioni mtoto mmoja alikwenda kumwambia mamake, anayeuza mboga kando ya barabara, kwamba leseni ya biashara ndogo ni mambo ya kaunti na kwamba anaweza kumuuliza MCA wao, yaani mwakilishi wa wadi. Mama huyo alikuja shuleni kutaka kuiona hiyo karatasi. Nikampa nakala.

Ombi langu: nyenzo zote ziwe nyeusi na nyeupe, herufi kubwa, na ziwe ukurasa mmoja. Rangi hatuwezi kuifotokopi. Na muziandike kwa Kiswahili, maana karatasi ikifika nyumbani inasomwa na mama, na dada mkubwa, na jirani.

---

MwalimuMakadara

Dada, nimelichukua neno lako lote. Toleo lako la vijikaratasi linaingia kama lilivyo, na nakuomba uniandikie orodha uliyotumia. Nadhani hata sisi wa shule za umma tungeanzia nje ya geti kama wewe.

---

KijanaWaKodi

Mimi si mwalimu, natengeneza programu za simu. Marekani kuna iCivics, iliyoanzishwa 2009 na Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Inawapa walimu michezo ya kompyuta na mipango ya masomo bila malipo. Mbona tusiwe na yetu? Mtoto awe gavana, agawe bajeti, aone wananchi wakilalamika.

---

MwalimuMakadara

Mchango mzuri, na siku utakapokuwa tayari kuutengeneza tutakupa maudhui. Michezo ile imejengwa juu ya katiba yao, yenye majimbo na rais wa kwao, kwa hiyo haiwezi kuhamishwa hapa kama ilivyo. Tunachoweza kujifunza kwao ni kwamba mwalimu anapewa kila kitu kikiwa tayari: mchezo, swali, karatasi ya mwanafunzi na majibu.

Huo wa bajeti hauhitaji simu. Chukua maharagwe. Kila kundi linapewa punje 50 na orodha ya mambo kumi ya wadi: taa, mitaro, chekechea, zahanati, maktaba, soko na kadhalika. Hazitoshi, na ndilo lengo. Wakishagawa, wape makadirio halisi ya kaunti walinganishe. Waliweka wapi punje nyingi, na kaunti imeweka wapi pesa nyingi?

Bora zaidi ufuate kalenda yenyewe ya bajeti. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na hiyo ni muhula wa tatu. Waraka wa sera ya fedha ni 28 Februari, katikati ya muhula wa kwanza. Makadirio ni 30 Aprili. Darasa likifanya zoezi la maharagwe Februari, maoni yao yanaweza kuandikwa na kupelekwa wakati bado yana maana. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na watoto wa Nairobi ni wananchi.

---

WaLughaNaFasihi

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nashangaa mnahangaika na muda ilhali sisi tuko hapa hapa. Kipindi cha ufahamu kinataka kifungu cha habari: nipeni ukurasa wa Sura ya Nne ya Katiba. Kipindi cha kuandika kinataka barua rasmi. Kila mwaka watoto wanaandika barua ya kuomba kazi katika kampuni ambayo haipo. Waandike ya kweli!

Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Gredi ya 8 yangu iliandika kuuliza ni lini taa za barabara ya kuelekea shuleni zitatengenezwa na ni kiasi gani kimetengwa. Kila mtoto aliandika yake, tukachagua moja, mlezi wa chama cha wanafunzi akatia sahihi pamoja nao. Anwani, tarehe, mada, kifungu cha sheria, swali moja lililo wazi. Tulibandika kalenda ya siku 21 karibu na ubao na kila asubuhi mtoto mmoja alikata siku.

Jibu lilikuja likiwa limechelewa na nusu ya swali haikujibiwa. Nalo nikaligeuza somo: waliandika barua ya pili wakiinukuu ya kwanza, tarehe kwa tarehe. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha insha sijaona barua rasmi zilizonyooka kama zile.

---

MzaziKayole

Mwalimu wa Kiswahili, ubarikiwe. Mkimaliza taa waulizeni na ya shuleni. Serikali inatangaza mgao wa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka, na 1,420 kwa wa shule ya msingi. Darasa la watoto 60 wa sekondari msingi ni 902,520. Watoto wakijua kupiga hesabu hiyo na kuuliza kwa adabu ni kiasi gani kimefika na lini, nadhani hata walimu wakuu watafaidika, maana mara nyingi wao ndio wanaolaumiwa kwa pesa ambazo hazijafika.

---

TichaWaTena

Nimefuatilia yote na kwa kweli mmenitia moyo. Bado nina swali gumu. Baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2024 watoto wangu walikuja na maswali ambayo sikuyapata kwenye kitabu chochote. Waliwaona kaka na dada zao wakisoma Mswada wa Fedha kwenye simu, wakiutafsiri kwa lugha za nyumbani, kisha wakaona watu wakiuawa nje ya Bunge. Kuna mtoto ambaye jirani yake hakurudi. Nyenzo gani inafaa hapo? Maharagwe?

---

MwalimuMakadara

Hapana, si maharagwe. Kwanza ni kumsikiliza mtoto, na kama ana msiba, mshauri nasaha wa shule aitwe kabla ya somo lolote. Hilo tusiliruke.

Wakiwa tayari, mimi hutumia vifungu vitatu na tarehe chache. Kifungu cha 37: haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Kifungu cha 118: Bunge lifanye kazi yake kwa uwazi na liwashirikishe wananchi. Kifungu cha 26: haki ya kuishi. Halafu safari ya mswada: unavyosomwa mara ya kwanza, kamati inavyopokea maoni, unavyopitishwa, unavyopelekwa kwa rais. Kisha 25 Juni ulipopitishwa na 26 Juni rais alipotangaza kwamba hatautia sahihi. Watoto wanapanga matukio hayo kwenye mstari wa wakati, na kando ya kila tukio wanaandika kifungu kinachohusika na swali moja walilo nalo. Maswali yao nayaacha ukutani hata kama sina majibu. Kunyamaza ndiko kunakonitisha zaidi. Mtoto wa miaka 14 aliyeona jambo kama lile na mwalimu wake akapita kando, anajifunza kwamba Katiba ni ya mtihani tu.

---

KaraniWaKituo

Nakubali. Na kwa wanaotaka kutoka darasani: Bunge hupokea makundi ya shule kwenye roshani ya wageni, muhimu ni kuandika barua mapema. Kwa sisi wa Eastlands kuna Ukumbi wa Kaloleni, ambako wapigania uhuru walikuwa wakikutana kabla ya 1963, na maktaba ya kaunti iko hapo hapo mtaani. Unakwenda kwa miguu, basi halikodishwi.

---

MwalimuMukuru

La mwisho kutoka kwangu. Wanasiasa wakisikia tuna masomo haya watataka kuja. MCA akiomba kuzungumza na watoto tumjibu nini?

---

MwalimuMakadara

Aje, ila kwa utaratibu. Aletewe maswali ya wanafunzi kwa maandishi wiki moja kabla. Aje bila fulana za chama na bila mpiga picha wake. Asitangaze basari mbele ya watoto. Anayeendesha kikao ni rais wa baraza la wanafunzi, na kila mtoto anayeuliza aseme swali lake linatoka kifungu gani au ukurasa upi wa bajeti. Na kama mwingine anayewania kiti hicho ataomba, apewe nafasi sawa siku nyingine, au wote wakataliwe.

Nimeanza kuchapa: vijikaratasi vya Mukuru, ramani ya "Nani analipa?", Fomu 34A ya kubuni, maharagwe ya bajeti, kiolezo cha barua ya Kifungu cha 35. Kila kimoja ukurasa mmoja, nyeusi na nyeupe, kwa Kiswahili, na majibu ya mwalimu nyuma. Mstari wa wakati wa Juni 2024 nitauandika na TichaWaTena kabla sijautoa, kwa sababu yeye ndiye aliye na watoto wanaouhitaji. Mwenye makadirio ya kaunti ya mwaka huu yanayoonyesha mgao wa kila wadi ayaweke hapa chini, wadi zote 85, ili kila mwalimu apate ya mtaa wake.

---

WaLughaNaFasihi

Ninayo. Nakata ukurasa wa kila wadi peke yake, nitaanza na za Embakasi usiku huu.